Tarumbeta Nje ya Mlango

— Yuko wapi?

Tantine Clémentine alinong'ona. Ila kunong'ona kwake, kwa watu wengine ni kuongea. Mzee aliyekaa mbele yao akageuka, akawatazama juu ya miwani, akarudisha shingo.

— Subiri, Tantine. Ni wengi wale.

— Nimeshawapitia wote. Nimeanza na wa violini, nikaenda kwa wa mafilimbi, nikafika mpaka kwa yule bwana anayepiga ngoma amesimama kama mtu anayengoja teksi. Joël wako hayupo.

Murielle aliendelea kukodolea jukwaa. Na yeye alikuwa ameshawapitia, tena zaidi ya Tantine. Aliwatazama hasa wale wa matarumbeta ya mviringo, kama lile ambalo Joël hulibeba mgongoni kila Jumanne na Alhamisi jioni akienda mazoezini. Walikuwa wamejipanga pale nyuma na suti zao nyeusi. Hakuna hata mmoja aliyefanana naye.

Akafungua simu chini ya mkoba, mwanga usionekane, akausoma tena ujumbe aliotumiwa asubuhi wakiwa bado kanisani.

"Chérie, leo usinitafute kwa macho. Nisikilize tu. Utanijua."

Asubuhi ile ujumbe ulimfanya acheke peke yake katikati ya mahubiri. Sasa ulianza kumchoma.

Mtaniuliza, msichana wa saluni na shangazi yake muuza vitenge wa Marshalltown walitafuta nini Jumapili alasiri kwenye ukumbi wa okestra pale Doornfontein, Johannesburg? Walitafuta ukweli. Murielle alikuwa ameshaumwa na nyoka anaitwa François. François alidai ana kazi ya usiku ya ulinzi, na kweli kila usiku alikuwa analinda, ila alikuwa akimlinda mke wake na watoto wake huko Rosettenville, jirani na duka analonunulia mkate Tantine. Tantine ndiye aliyemkuta pale dukani, ndala mguuni, mtoto mabegani, anachagua maziwa. Tangu siku hiyo, mwanaume akisema "natoka kidogo jioni," Tantine anataka kuona.

Kwa hiyo Joël alipoleta habari kwamba mjomba wake, Papa Jumbe, atakuja na wazee kujitambulisha Jumamosi ya pili, Tantine alimwambia hivi:

— Vizuri. Lakini kwanza nataka kuona huko unakokwenda Jumanne na Alhamisi. Nataka kukuona kwa macho yangu, umekaa, unapiga.

— Njooni Jumapili, Tantine. Nitapiga.

Ndio maana walikuwa pale.

Mlangoni walikuwa wamepewa karatasi, Murielle akamsomea Tantine kwa Kiswahili. Kwamba kitakachopigwa ni shairi la okestra, hadithi nzima inasimuliwa na vyombo tu, haimbi mtu wala hasemi mtu. Alilitunga bwana mmoja wa Ulaya zamani za mababu. Ni habari ya mwanamke wa mlimani ambaye mume wake amevuka bonde kwenda kutafuta maisha. Kila siku mwanamke anatoka nje na kumwita. Bonde halijibu.

— Na haimbi mtu? aliuliza Tantine.

— Haimbi mtu.

— Sasa tutajuaje kama ni mwanamke?

Lakini muziki ulipoanza, Murielle alijua. Hata Tantine alijua, maana alinyamaza. Zumari lilitoka peke yake, sauti nyembamba, likaita. Likaita tena. Violini zikapita chini yake kama upepo wa Julai unavyopita chini ya mlango. Murielle akashika kifua. Wimbo ule aliujua! Ni ule ule ambao Joël huupiga kila mchana kule pakingi anakolinda, mkabala na saluni yao. Aliujua kuliko wimbo wowote duniani. Na hapa kila mtu alikuwa anaupiga. Zumari liliupiga, violini zikaupiga, wale wa matarumbeta wakaupiga kwa nguvu zao zote. Kila mtu isipokuwa mwenyewe.

Dhoruba ikaja, ngoma zikanguruma mpaka viti vikatetemeka. Halafu vyote vikakatika ghafla, na ukumbi mzima ukawa kimya.

Katika ule ukimya, kutoka mbali, mbali kabisa, sijui juu sijui nyuma, tarumbeta moja likajibu.

Machozi yakamtoka Murielle kabla hajajua analia nini. Hakuna hata mmoja pale mbele aliyekuwa ameweka chombo mdomoni. Wote walikuwa wamekaa kimya, wanasikiliza kama yeye.

— Kuna mtu amesahau redio huko nje, alisema Tantine.

Zumari likalijibu tarumbeta, polepole, na muziki ukaisha. Watu wakainuka kwa makofi. Wapigaji nao wakasimama, wakainama. Tantine akawapitia mara ya mwisho, uso kwa uso, kisha akachukua mkoba wake.

— Twende.

— Tantine, labda…

— Labda nini? Nimesema twende. François wa pili huyu.

*

Simu ya Joël haikuita. Murielle alijaribu wakiwa kwenye ngazi za ukumbi, akajaribu kwenye robot, zile taa za barabarani, wakingoja kuvuka, akajaribu ndani ya teksi. Mwanamke wa mtandao akamjibu yale yale. Walikuwa wameshafika kwa Tantine, Rosettenville, sufuria iko motoni, ndipo Joël mwenyewe alipopiga.

— Weka kipaza sauti, Tantine akaamuru.

— Chérie! Mmeondoka mbona haraka hivyo? Nimekuja nimekuta viti vitupu. Ulinisikia?

— Joël, ulikuwa wapi?

— Si nilikuwa pale.

— Pale wapi? Nimewatazama wote. Tantine amewatazama wote.

— Ah, sikuwa jukwaani. Nilikuwa nje.

— Nje?

— Nje, kwenye zile ngazi za chuma za dharura, upande wa barabara. Muziki wenyewe unataka hivyo. Yule wa mbali lazima awe mbali kweli. Maestro alinichagua mimi. Lile tarumbeta la mwisho, chérie, lililojibu. Lilikuwa langu.

Tantine aliweka mwiko chini.

— Okestra inapiga ndani, wewe unapiga nje, alisema. Kwenye baridi. Kwenye ngazi za kukimbilia moto.

— Shikamoo, Tantine. Ndiyo. Kwa hiyo sikuwahi kuingia kupiga saluti, kuwainamia watu pamoja na wenzangu, maana kiatu changu kilikuwa kimebanwa mlangoni.

— Kiatu?

— Ule mlango ukifunga haufunguki kwa nje. Nikavua kiatu nikauzuia nacho, sauti ipate kuingia. Sasa kukitoa…

Tantine alicheka mpaka akakaa. Hakikuwa kicheko cha furaha.

— Murielle, mwanangu, huyu amempita François. François alikuwa na kazi ya usiku tu. Huyu ana kiatu!

— Tantine, nisikilize…

— Joël, Murielle alisema, akiisogelea simu. Ule wimbo wote wanaupiga. Uko kwenye karatasi. Ni wimbo wa mtu wa Ulaya. Mimi nilidhani ni wako. Umejifunza kwenye simu ukaja kunipigia mimi pale pakingi, ukaniambia uko kwenye okestra. Si ndiyo?



— Ulinisikia au hukunisikia? Joël akauliza taratibu.

— Nilisikia redio.

Neno lile halikuwa lake, lilikuwa la Tantine, lakini limeshatoka.

— Bon, alisema Joël. Nimekuambia kweli, Murielle. Sina kweli nyingine ya kukupa. Jumapili ijayo tunarudia, kama unaweza kuja ule upande wa…

Tantine akanyoosha kidole, akakata.

— Sikia. Papa Jumbe nilimwahidi jibu Jumapili ijayo, basi nikitoka kanisani nampigia. Namwambia wazee wasijisumbue Jumamosi. Na mimi nikishamwambia mzee wa watu hapana, siwezi kurudi kumwambia ndiyo. Unanielewa?

— Nakuelewa, Tantine.

— Mfungie huyo kwenye simu yako.

Akamfungia. Mkono ulikuwa mzito, lakini akamfungia.

*

Jamani, kuna watu wanaosema mapenzi yanaingilia machoni. Ya hawa wawili yaliingilia masikioni, tena kwa ugomvi.

Joël alikulia kwenye fanfare, ile bendi ya matarumbeta ya kanisa, Lubumbashi, na alipokuja Johannesburg akapata kazi ya kulinda pakingi ya chini ya ghorofa moja, Doornfontein. Huko chini sauti inazunguka vizuri, basi kila mchana akipumzika anatoa tarumbeta lake anafanya mazoezi. Ng'ambo ya barabara, ghorofa ya kwanza, ni saluni ambamo Murielle anasuka na rafiki yake Diane, Mrundi wa Bujumbura. Siku moja Murielle, kichwa cha mteja kikiwa mikononi na kichwa chake mwenyewe kinamuuma, akafungua dirisha akapiga kelele:

— Wewe wa tarumbeta! Tupe amani!

Tarumbeta likanyamaza. Kidogo, likaita tena, kwa upole, kama mtu anayeomba radhi. Wateja wakacheka. Na Murielle, kwa kumkomoa, akapiga kigelegele pale dirishani, kirefu, cha arusi kabisa. Diane akasema kwao wanaita impundu, na haipigwi hovyo kwa mwanaume usiyemjua.

— Huko chini hajaniona hata sura, Murielle akasema.

— Ndiyo hatari yake, sha, shoga yangu.

Kesho yake tarumbeta likaita tena, likangoja. Murielle akajibu. Ikawa ndiyo desturi yao kila mchana, yeye anaita, huyu anajibu, mteja anashika masikio. Walizoeana sauti kabla ya kuonana uso kwa uso.

Wiki ile baada ya okestra hakuita mtu.

Jumatatu Murielle aliacha dirisha wazi mchana kutwa. Baridi ya Julai ikaingia, wateja wakalalamika.

— Yewe, funga hilo dirisha, Diane alisema. Unatugandisha.

— Kuna harufu ya dawa ya nywele.

— Hatujafungua dawa ya nywele tangu asubuhi.

Jumanne alimwona Joël akivuka barabara na koti lake la kazi, mabega yamepanda kwa baridi. Hakutazama juu. Murielle aliandika ujumbe: "Umekula?" Akaufuta. Akaandika: "Kwa nini hupigi?" Akaufuta. Akaandika: "Nakukumbuka mpaka mikono inakosea kusuka." Huo aliutazama muda mrefu sana, halafu akakumbuka kwamba yeye ndiye aliyemfungia, hata akiutuma hautafika. Akarudi kusuka. Mstari ukaenda kombo, akafumua, akaanza upya.

— Nilie au nisilie? alimwuliza Diane.

— Lia umalize, mteja wa saa kumi ana nywele nyingi.

Alilia kidogo chooni, akanawa uso.

Alhamisi akashindwa. Mchana ulipofika alisimama dirishani mwenyewe, akapiga kigelegele kule chini, kifupi, cha kuuliza. Hakikurudi kitu. Ni magari tu na kijana anayeuza machungwa. Baadaye walisikia kwamba mchana ule Joël alikuwa amepelekwa lango la nyuma, hakusikia. Lakini Murielle angejuaje? Alikaa kwenye kiti cha wateja, mikono imeanguka.

— Diane, hata mimi nikiita, hanijibu.

— Sasa unajua anavyojisikia.

— Unamtetea?

— Mimi simtetei mtu. Mimi nakuuliza. François alipokudanganya, uwongo wake ulikuwaje?

— Ulikuwa mzuri. Umenyooka. Ana kazi, ana bosi, ana zamu.

— Na huyu?

— Huyu ana kiatu.

— Basi, sha. Mwanaume anayetaka kudanganya anatafuta kitu kinachoaminika. Nani anakaa chini kutunga kiatu?

Murielle hakuwa amelifikiria hilo. Diane akafuta mikono, akatoa simu yake.

— Amenitumia mimi, kwa kuwa wewe umemfungia. Tangu juzi. Niliona nisikuonyeshe mpaka utulie, lakini naona hutulii.

Ujumbe ulikuwa mfupi.

"Diane, mwambie Jumapili tunarudia. Asiingie ndani. Apande ngazi za chuma upande wa barabara. Kama hataki, nitamwelewa. Siwezi kumpigia tena mchana, midomo inakataa."

*

Jumapili Murielle alitoka kanisani kabla ya baraka ya mwisho. Tantine alimwona. Ana macho mgongoni yule mama.

— Unakwenda wapi?

— Doornfontein.

— Kufanya nini?

— Kutazama kiatu.

Tantine aliweka Biblia kwenye mkoba, akatoa simu badala yake.

— Twende basi. Nikiwa palepale nampigia Papa Jumbe, ili huyo Joël wako asikie kwa masikio yake mwenyewe. Mimi sifanyi mambo kwa siri.

Walifika alasiri, muziki umeshaanza. Jengo lile kwa mbele ni zuri, lina nguzo na taa. Kwa upande wa barabara ni matofali, mapipa ya taka, na ngazi za chuma zinazopanda mpaka juu kwenye mlango mmoja mwekundu. Upepo ulikuwa unakata.

Murielle akapanda. Tantine akafuata nyuma, akishika chuma, anahema, anabonyeza simu.

— Eish! Ngazi gani hizi! Ningejua ningevaa raba.

Kwenye kona ya mwisho Murielle akasimama.

Joël alikuwa amesimama mbele ya ule mlango mwekundu, amewapa mgongo, suti nyeusi imepigwa pasi, tarumbeta kifuani amelikumbatia ili lisipate baridi. Simu yake ilikuwa imeegemezwa ukutani. Mwenzake wa ndani alikuwa amempigia kwa video, na kwenye kioo alionekana maestro, kijana wa Soweto mwenye miwani, anapunga fimbo yake. Mlango ulikuwa wazi upana wa mkono. Na pale chini, kati ya mlango na fremu, kimebanwa mpaka kimepinda, kulikuwa na kiatu cheusi cha mguu wa kulia.

Mguu wake wa kulia ulikuwa na soksi tu juu ya chuma cha baridi.

Joël akageuka. Akamwona. Macho yakajaa palepale, lakini akaweka kidole mdomoni, akaonyesha simu, akaonyesha mlango. Sikiliza.

Ndani zumari lilikuwa linaita. Huku nje lilisikika dogo, la mbali sana, kama ndiye mwanamke wa mlimani kweli na hapa ndipo ng'ambo ya bonde. Murielle akaelewa kwamba wiki iliyopita, wakati yeye anamtafuta huyu kwa macho katika joto la ukumbi, huyu alisimama hapa muda wote huo, mguu mmoja bila kiatu, anasikia anaitwa na hana ruhusa ya kujibu mpaka zamu yake ifike. Yote hayo kwa sauti chache tu za mwisho.

Akavua shali yake. Akapiga magoti kwenye chuma, akaushika ule mguu wenye soksi, ulikuwa baridi kama kitu cha kwenye friji. Akauzungushia shali, mara moja, mara ya pili, akaufunga fundo kama anavyofunga kitambaa kichwani.

— Nisamehe, akasema bila sauti, kwa midomo tu.

Joël aliitikia kwa kichwa. Aliogopa kulia, maana mtu akilia midomo haipigi.

Nyuma yao Tantine alikuwa amefika kona, amesimama na mkono kiunoni. Alikitazama kiatu. Alikitazama muda mrefu. Simuni, sauti ya kizee ilikuwa ikiita: "Halo? Mama Clémentine? Halo?" Tantine hakuijibu.

Ndani dhoruba ilikuja ikakatika. Ukimya ukaanguka. Kwenye kioo cha simu maestro alinyoosha fimbo kuelekea juu, kuelekea kwao.

Joël akaweka tarumbeta mdomoni, akajibu.

Sauti ilitoka ikapita juu ya kile kiatu, ikaingia ndani ya giza la ukumbi, na nyingine ikamwagika barabarani. Mtu aliyekuwa anasukuma toroli la maboksi kule chini akasimama. Ilikuwa ile ile ya pakingi, ya kila mchana, ya kumwomba radhi dirishani. Murielle hakuwa na haja ya kuangalia nani anapiga. Joël alimaliza, akashusha tarumbeta, na ukimya ukarudi, ule ambao kwenye karatasi ya maestro hata kikohozi hakiruhusiwi.

Na Murielle akajibu.

Hakufikiri. Ilikuwa desturi yake, tarumbeta likiita yeye hujibu. Kigelegele kilimtoka pale alipopiga magoti, kikapenya mlangoni, kikaingia ukumbini mbele ya watu wote na suti zao. Katikati sauti ikakatika kwa kilio, ikataka kuzima. Hapo ndipo Tantine Clémentine alipokidaka. Alikipokea kwa kifua chake cha miaka yote ya soko la Marshalltown, akakipandisha, akakizungusha, akakimaliza kama kinavyomalizwa mlangoni kwa bibi arusi.

Kisha akaziba mdomo kwa mkono, macho yamemtoka.

— Mungu wangu. Tumeharibu.

Wote watatu wakakitazama kioo cha simu. Maestro alikuwa amegeuza kichwa kuutafuta mlango, fimbo iko hewani. Hakuna aliyepumua. Halafu taratibu akatabasamu, akamgeukia wa zumari, akamwita kwa mkono wa kushoto. Zumari likaingia.

Na kwenye kiganja cha Tantine, sauti ya kizee bado ilikuwa inaongea.

— Mama Clémentine! Nasikia vigelegele. Ulisema Jumapili utanipa jibu. Ndilo hilo?

Tantine alimtazama Joël kuanzia kichwani. Akashuka mpaka kwenye ule mguu uliofungwa shali ya mtoto wake kama mgonjwa aliyetoka hospitali.

— Papa Jumbe, alisema, ndilo hilo. Njooni Jumamosi.

Akakata simu. Akamkazia macho Joël.

— Na wewe, ingia ukapige saluti na wenzako kabla sijabadili mawazo. Leo nataka kukuona jukwaani.

— Sharp, sawa, Tantine. Lakini kiatu…

— Kitoe, mimi nitaushika mlango.

*

Jumamosi nyumba ya Tantine, Rosettenville, ilijaa. Papa Jumbe na wazee wake walikaa upande mmoja, watu wa kanisa upande mwingine, soda katikati. Murielle alikuwa amefichwa chumbani na Diane, amevaa kitenge kipya, haruhusiwi kuonekana kabla wazee hawajamaliza. Na Joël, kama desturi inavyotaka, hakuingia. Kwetu siku ya kujitambulisha mwenye mapenzi hasemi. Wanasema wazee, yeye anangoja nje mpaka aitwe.

Murielle alikuwa amebandika sikio ukutani.

— Wanasema nini? aliuliza.

— Wanazungumzia safari yao kutoka Lubumbashi, alisema Diane. Bado hawajafika hata Zambia.

— Mungu wangu. Na yeye yuko nje kwenye baridi.

— Si amezoea?

Wakacheka, wakazibana midomo. Sebuleni Papa Jumbe aliendelea kueleza ukoo, akamaliza mmoja, akaanza mwingine. Tantine naye hakuwa na haraka, aliuliza maswali ambayo majibu yake aliyajua. Saa zikaenda. Chai ikapoa, ikapashwa.

Ndipo kutoka nje, upande wa ngazi, tarumbeta likaita. Lilikuwa la upole, na mtu yeyote angesikia kwamba mpigaji ana baridi na ana hamu.

Wazee wakanyamaza. Papa Jumbe akafunga macho kwa aibu ya kijana wake.

Chumbani Diane alitaka kumziba Murielle mdomo, akachelewa. Kigelegele kilipita ukutani kama ukuta haupo. Sebule nzima ikaangua kicheko, hata wazee.

Tantine peke yake hakucheka. Aligeuka polepole, akautazama mlango wake wa mbele, ambao muda wote ule alidhani ameufunga. Ulikuwa wazi upana wa mkono. Pale chini, kati ya mlango na fremu, kulikuwa na kiatu cheusi cha mguu wa kulia.

— Nani amesahau redio huko nje? aliuliza kwa sauti, na sasa machozi yalikuwa yanamshuka bila kuyafuta. Mwambieni avae kiatu, aingie.